Sauti Haijafa, Imepanda Treni Nyingine

 Iwapo uko Naivasha unafunga duka, uko Molo umejifunika blanketi kwa baridi, au uko hapa hapa jijini Nakuru unasubiri matatu ya kwenda Lanet, karibu tukae pamoja kidogo.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi wataliona dogo, na vijana wengi wataliona kubwa: gemu ya kompyuta inayoonyesha picha vizuri lakini haitoi sauti. Usiondoke, mzazi. Utaona kwamba jambo hili linaingia mfukoni mwako, na linaingia hata kanisani na darasani.

Majuma machache yaliyopita, Jumamosi jioni, barobaro wa jirani yangu mtaani Section 58 alinibishia mlango. Ana kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinazotoka ofisi za ng'ambo, aliyoinunua kwa pesa za kuosha magari likizo nzima. Wiki hiyo alikuwa ameiongezea kadi ya picha na kuiunganisha na skrini nyingine kwa waya wa HDMI. Nikaenda kuitazama. Mpira unachezwa, wachezaji wanakimbia, mashabiki wanapunga bendera, na kimya kimetanda kama matanga.

Akaniambia, "Anko, fundi amesema saundi kadi imekufa. Amefuta Windows akaweka upya, na bado. Sasa anataka elfu tatu na mia tano anunue nyingine."

Nikamuuliza kama alihifadhi vitu vyake kabla ya kufuta. Akainamisha kichwa. Kazi zake za shule zilikuwa zimekwenda, na picha za nyanya yake aliyefariki zilikuwa zimekwenda nazo.

Niliketi, nikabonyeza alama ya spika iliyo chini kulia, nikasoma jina la kifaa ambacho kompyuta ilikuwa inakipelekea sauti. Lilikuwa jina la skrini. Nikaigeuza skrini ile, nikaikagua nyuma na chini. Haikuwa na spika hata moja. Siku zote hizo kompyuta ilikuwa inaimba, tena kwa bidii, ndani ya kitu kisicho na mdomo. Nikachagua spika zake za mezani, tukaifunga gemu, tukaifungua upya, na mashabiki wakalipuka kwa shangwe hadi mama yake akaja mbio kutoka jikoni. Kazi nzima haikufika dakika tano. Lakini picha za nyanya hazikurudi.

Ndiyo maana leo nimeona nisinyamaze.

Sisi watu wa Nakuru hatuna haja ya kwenda mbali ili kulielewa tatizo hili, kwa sababu mji wetu ulikulia kwenye njia panda ya reli. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1900, ikapanda kupitia Njoro na Molo, na mwishoni mwa 1901 ikafika Kisumu. Baadaye ikajengwa njia ya pili kutoka hapa hapa, ikapitia Rongai na Timboroa, ikafika Eldoret mwaka wa 1924 na kuendelea hadi Uganda. Tangu hapo, kila treni iliyotoka Nairobi ikifika Nakuru iliulizwa swali moja: unakwenda Kisumu au Eldoret? Jibu halikuwa mdomoni mwa dereva. Lilikuwa kwenye vile vyuma vya relini vinavyosogezwa kubadilisha njia. Vikisogezwa upande wa Timboroa, mzigo wa Kisumu utapanda Timboroa. Injini nzima, mabehewa mazima, dereva yu macho. Mzigo haukupotea, umepelekwa kwingine.

Sauti ya kompyuta huenda vivyo hivyo. Zamani kompyuta ya nyumbani ilikuwa na tundu moja la kijani nyuma, unachomeka spika, mambo yamekwisha. Leo hesabu nami: kuna spika za ndani za kompyuta, kuna tundu la hedifoni, kuna waya wa HDMI unaobeba picha na sauti pamoja hadi kwenye runinga, kuna hedifoni za USB zenye kadi yake ya sauti ndani, kuna wufa ya Bluetooth pale pembeni ya kabati. Njia tano, na kompyuta huchagua mojawapo kuwa njia ya kawaida. Sauti yote isiyoambiwa vingine hupita hapo.

Tatizo ni kwamba kompyuta ina tabia ya kumfuata mgeni. Ukichomeka kifaa kipya, mara nyingi Windows itakifanya ndicho njia ya kawaida bila kukuuliza. Wahenga walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta haikumsikia mhenga. Inauacha mbacha wake wa kila siku, inaufuata msala wa runinga iliyounganishwa leo na kuondolewa kesho.

Na hapa kwetu kuna jambo linalozidisha, nalo ni stima. Kijana anacheza kwa kompyuta ya mapajani, picha na sauti ziko kwenye runinga ya sebuleni. Stima inapotea. Runinga inazimika, kompyuta inaendelea kwa betri. Kwa kompyuta, runinga ile imetoweka, kwa hiyo inairudisha njia ya sauti kwenye spika zake. Baada ya dakika kumi stima inarudi, runinga inawaka, njia inabadilishwa tena. Vyuma vya reli vimesogezwa mara mbili, na wewe hujagusa kitu. Halafu tunashangaa kwamba gemu imekuwa bubu.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi hupotelea. Kijana atakwambia, "Mimi nimebadilisha njia kwenye Windows, nimechagua hedifoni, wimbo unasikika, lakini gemu bado kimya." Anasema kweli. Kwa nini?

Rudi stesheni. Treni ikishavuka vile vyuma na kushika njia ya Timboroa, hata ukivisogeza sasa hivi viangalie Kisumu, treni ile haitarudi. Treni inayofuata ndiyo itakayokwenda Kisumu. Gemu nyingi ziko hivyo. Inapofunguka, gemu huiuliza kompyuta, "Njia ya sauti ni ipi?" Kompyuta huijibu, nayo gemu hushika njia hiyo mara moja na kuendelea nayo. Gemu nyingine, hasa mpya, zimeandikwa kwa uangalifu: zikisikia njia imebadilika, hukata na kuunganisha upya. Nyingi za zamani hazisikii. Ukichomoa hedifoni katikati ya mchezo, zenyewe zinaendelea kumwaga sauti kwenye tundu tupu.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: weka njia ya sauti kwanza, kisha fungua gemu. Na ukishabadilisha njia gemu ikiwa wazi, ifunge kabisa na uifungue upya. Usiipunguze tu ikajificha chini ya skrini. Hifadhi hatua uliyofikia, toka, uingie tena. Kwa nguvu ya kanuni hii peke yake, matatizo mengi ya sauti ya gemu huisha bila kulipa hata shilingi.

Lakini yasipoisha? Hapo tunahitaji utaratibu, kama daktari anayempima mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa.

Anza kwa kupima mara moja tu: funga gemu, cheza wimbo wowote au video yoyote. Wimbo ukisikika, spika ni nzima, waya ni mzima, saundi kadi ni nzima. Tatizo liko kati ya gemu na njia, na mtu yeyote anayekwambia kadi imekufa amekosea. Wimbo usiposikika, tatizo ni la kompyuta nzima, na gemu haina hatia. Ni kipimo cha nusu dakika, na kinagawa tatizo vipande viwili. Fundi asiyekifanya anabahatisha kwa pesa zako.

Tuseme wimbo hausikiki. Bonyeza alama ya spika chini kulia. Kwenye Windows 10, juu ya mstari wa kuongeza sauti kuna jina la kifaa. Libonyeze, orodha ya njia zote itafunguka. Kwenye Windows 11, kuna kishale kidogo kando ya mstari wa sauti. Au shika kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na herufi V, orodha itakuja yenyewe. Chagua kifaa unachokiona kwa macho yako mezani. Kifaa chako kisipokuwemo kwenye orodha, shuka kwenye waya. Chomoa, pangusa, chomeka tena. Kompyuta za mtumba zina ugonjwa wao hapa: tundu la mbele huenda lilichakaa ofisini miaka mingi kabla halijafika Nakuru. Jaribu tundu la kijani la nyuma. Na kama hedifoni zako zina pini mbili, moja ya kusikiliza na moja ya kusemea, na kompyuta ina tundu moja tu, unahitaji kile kiunganishi kidogo cha kuzikutanisha.

Nyuma ikikataa na mbele ikikataa, hapo ndipo tunazungumzia draiva, ile programu inayofundisha Windows namna ya kuongea na kadi ya sauti. Ichukue kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta, kwa kutumia namba ya modeli iliyobandikwa kwenye mwili wake. Usiichukue mahali pengine popote.

Sasa tuseme wimbo unasikika, gemu haisikiki. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya gemu yenyewe. Gemu nyingine zina orodha yake ya vifaa, na huenda imeandikwa jina la hedifoni ulizompa binamu yako Krismasi iliyopita. Irudishe kwenye kifaa cha kawaida cha kompyuta. Ukikosa hapo, rudi kwenye mipangilio ya sauti ya Windows. Tangu toleo la Aprili 2018 la Windows 10, kila programu inaweza kupewa njia yake: gemu hedifoni, muziki wufa. Kwenye Windows 11 ukurasa wa kazi hiyo unaitwa Volume mixer. Ni zana nzuri, lakini Windows hukumbuka ulichochagua, nawe unasahau. Fungua ukurasa huo gemu ikiwa wazi, tazama kama imenyamazishwa, tazama imepewa njia gani. Kuna kitufe cha kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa mwanzo. Kibonyeze, kisha funga gemu, fungua upya.

Na ile skrini isiyo na spika ya jirani yangu? Kwenye orodha ya vifaa vya sauti unaweza kuizima kabisa isitumike kwa sauti. Picha itabaki, sauti haitakwenda huko tena. Kwa lugha ya reli, umeifunga ile njia isiyofika popote.

Kuna hali mbili nyingine ambazo si kimya kabisa, ila zinamchosha mtu zaidi ya kimya.

Ya kwanza ni hedifoni za Bluetooth. Umeingia gemuni, sauti ni tamu, ardhi inatetemeka. Unajiunga na wenzako mzungumze huku mnacheza, na ghafla sauti yote inakuwa nyembamba kama ya simu ya kijijini. Hedifoni hazijaharibika. Bluetooth ya kawaida ina hali mbili: hali ya muziki, yenye sauti nono ya pande mbili lakini bila maikrofoni, na hali ya simu, yenye maikrofoni lakini sauti duni. Gemu ilipofungua maikrofoni ya hedifoni, ilizilazimisha ziingie hali ya simu. Ndiyo sababu kwenye kompyuta nyingi utaona hedifoni moja ina majina mawili, mojawapo likiwa na maneno Hands-Free. Tiba yake ni kutumia maikrofoni nyingine, hata ile ya ndani ya kompyuta ya mapajani, na kuziachia hedifoni kazi ya kusikiliza tu. Au tumia hedifoni za waya.

Ndugu yake hali hiyo ni hii: Windows ikihisi unazungumza na mtu, hupunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80, ikidhani inakusaidia. Kwenye mipangilio ya sauti ya zamani, sehemu ya mawasiliano, iambie isifanye chochote.

Hali ya pili ni ya kustaajabisha. Unasikia mvua, unasikia injini na risasi, lakini wahusika wanafungua midomo na maneno hayatoki. Kisa chake ni kwamba gemu au kompyuta inaamini una spika sita au nane kuzunguka sebule. Maneno ya wahusika hupelekwa kwenye spika ya katikati, nawe spika hiyo huna. Badilisha mpangilio uwe wa spika mbili, kushoto na kulia, na maneno yatarudi.

Kabla sijasahau, jambo la afya. Sauti inapokosekana, mkono wa kwanza wa kila mtu huenda kuongeza. Tunaongeza hadi mwisho, bado kimya. Halafu njia inapatikana, na mlipuko wote unaingia sikioni kwa mpigo. Mwambie mtoto wako: punguza kwanza, ndipo ubadilishe njia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80, na kwa watoto kipimo ni desibeli 75. Sikio halina draiva ya kuweka upya.

Labda sasa mzee mmoja kule Njoro anauliza, haya yote ni kwa ajili ya mchezo? Mzee wangu, mchezo haukuanza na kompyuta. Panda pale Hyrax Hill, njiani kuelekea Nairobi, utaona mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba na watu waliotutangulia. Wao pia walikaa chini jua likipoa, wakacheza. Na katika gemu za leo sauti si pambo. Mchezaji hujua adui anatoka kushoto au kulia kwa kusikia hatua zake. Mwaka wa 2023 mchezo wa magari wa Forza Motorsport ulitoka na vielekezi vya sauti vinavyomwezesha mtu asiyeona aendeshe gari kwa masikio. Kwa mchezaji huyo, sauti ikipotea barabara imepotea.

Tena tatizo hili haliishii kwenye gemu. Mwanafunzi wa Egerton au Kabarak aliye kwenye mhadhara wa mtandaoni, anamwona mhadhiri akichezesha mdomo tu, ana tatizo lile lile. Kanisa linalorusha ibada mtandaoni, kwaya inaonekana na haisikiki, lina tatizo lile lile. Kijana aliyejifunza kuitafuta sauti ya gemu yake leo ndiye atakayeokoa ibada ya Jumapili. Msimfukuze kwenye kompyuta kabla hamjamuuliza anajua nini.

Na kwenu mafundi wa jiji letu, naongea kwa heshima, kwa sababu wengi wenu ni waaminifu na mnafanya kazi ngumu kwa malipo madogo. Kufuta Windows ni dawa ya mwisho, si ya kwanza. Kabla ya kufuta, muulize mteja ana nini humo ndani, na mhifadhie. Kabla ya kusema kadi imekufa, mchezee wimbo mmoja mbele ya macho yake. Hilo halikupunguzii riziki, linakuongezea jina.

Nawe mteja, usione haya kumwambia fundi, "Nionyeshe." Mwambie akuonyeshe sauti inaelekezwa kwenye kifaa gani sasa hivi. Akiweza kukuonyesha, mwamini. Akishindwa, chukua kompyuta yako urudi nayo nyumbani.

Yule barobaro wa Section 58 sasa amebandika karatasi kando ya skrini yake, ameandika kwa mkono wake mambo matatu. Moja: cheza wimbo. Mbili: soma jina la kifaa. Tatu: funga gemu, fungua upya. Nakuomba nawe, msikilizaji, uyaandike usiku huu na uyabandike mahali watoto watayaona. Na picha za wazazi wako, za harusi yako, za wale waliotangulia mbele ya haki, zihifadhi mahali pa pili kabla ya kesho jioni, kwa sababu sauti iliyopotea njia hurudi, lakini picha iliyofutwa haina treni ya kuirudisha.